Kasino Iliyotoka Ufuoni Ikaingia Mfukoni

Mombasa kuna watu wengi watakaokula kiapo kwamba hawajawahi kucheza kamari maishani, na papo hapo simu iliyo mkononi ina mkeka, yaani ubashiri wa mechi tisa zilizofungwa pamoja, unaongojea matokeo ya Uingereza. Hawasemi uongo. Kamari, kwa wanavyoielewa wao, ni karata tatu za pata potea zinazotandazwa juu ya boksi kando ya soko, au ni yale majumba ya mataa ya Nyali waliyokuwa wakiingia Wazungu usiku. Wao wanabeti tu. Na kubeti, ukiwasikiliza, ni kuujua mpira.

Naanza na maneno kwa sababu biashara hii imepenya kwa kubadilisha majina. "Kamari" tulilipokea kutoka Kiarabu na likaja na hukumu yake: aya ya 90 ya Suratul Maida inaitaja maisiri, yaani kamari, pamoja na ulevi, na mtoto aliyepita chuoni hapa Mombasa hahitaji kukumbushwa. "Bahati nasibu" lilikuja na uso mzuri zaidi. Nani ataichukia bahati, nani ataikataa nasibu yake? Majirani zetu Tanzania wameupeleka upole huo hadi serikalini, bodi yao inaitwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kisha vijana wakaleta "kubeti", neno lisilo na aya wala hutuba, na kwa neno hilo mtu anaweza kutoka msikitini Ijumaa akaweka mkeka kabla hajavaa viatu. Nimeliona hilo kwa macho yangu na liliniuma, kwa sababu niliyemwona ni kijana mwema.

Nyuma ya majina hayo kuna safari moja ya zaidi ya nusu karne. Biashara iliyowekwa pwani kwa ajili ya wageni, ikafungiwa ndani ya majengo machache yenye walinzi, imehama ikaingia katika mfuko wa dereva wa tuktuk. Sheria, ushuru na mahubiri vimekuwa vikiifuata kila mara pale ilipokuwa jana.

Sheria ya Kenya ya kamari ilitungwa mwaka 1966, ile Sura ya 131, na ndiyo iliyoipa nchi bodi ya leseni tuliyoizoea kwa herufi zake, BCLB. Ukiisoma unaiona picha iliyokuwa vichwani mwa walioiandika. Kamari ni kitu chenye mahali. Kina jengo, kina mwenye jengo, kina leseni, na kina afisa anayeweza kwenda kubisha hodi. Kwa miaka mingi picha hiyo ilikuwa kweli. Aliyetaka kubahatisha kidogo alinunua tiketi ya Charity Sweepstake kwenye kibanda, akaiweka ndani ya kitambulisho, akangoja. Aliyetaka kubahatisha sana alikwenda kasino.

Na kasino za pwani zilijulikana. Ilikuwapo Golden Key pale Tamarind, Nyali, kando ya maji, mahali ambapo ukisimama barazani unauona Mji wa Kale ng'ambo ya mkono wa bahari. Ilikuwapo ya Florida, barabara ya Mama Ngina, pamoja na klabu yake ya usiku. Malindi walikuwa na yao kwenye barabara ya Lamu, na Wataliano walioufanya mji ule kuwa kwao walikuwa miongoni mwa wateja wake. Biashara hiyo iliishi kwa ndege za kukodi zilizotua uwanja wa Moi moja kwa moja kutoka Ulaya, zikishusha watu wenye wiki mbili za mapumziko na pesa walizokwisha kuzitenga kwa kuzipoteza.

Kijana wa Kisauni angeweza kufika Golden Key kwa miguu. Lakini alizuiwa na mambo manne yasiyoandikwa popote: mavazi, kiwango cha chini cha kuweka mezani, saa za usiku, na macho ya watu. Hilo la macho lilikuwa na nguvu kuliko yote. Mji huu ni mdogo. Ukionekana unatoka kasino saa nane za usiku, kabla ya alfajiri habari imeshamfikia mamako. Wenyeji wengi walioingia mle waliingia kwa mlango wa wafanyakazi, wakiwa wapishi, walinzi, wahudumu na wagawa karata. Hizo kazi zilisomesha watoto na sitazidharau.

Tuseme kidogo jinsi kasino inavyopata pesa, kwa sababu ukilielewa gurudumu la ruleti umeelewa nusu ya mambo yaliyokuja baadaye. Gurudumu la Kizungu lina vituo 37: namba 1 hadi 36, na sifuri. Ukiweka shilingi 100 kwenye namba moja na ikatoka, unalipwa mara 35 na unarudishiwa yako, jumla 3,600. Kama malipo yangekuwa ya haki, yaani yalingane na ugumu wa kupata, ungepokea 3,700. Ile tofauti ya 100 ndiyo nyumba yenyewe. Hakuna wizi, hakuna sumaku chini ya meza. Ni sifuri moja tu, na sifuri hiyo humchukulia mwenye kasino karibu shilingi 2 na senti 70 katika kila 100 zinazowekwa, usiku baada ya usiku. Anayeshinda anashinda kweli, na pesa zake anaondoka nazo. Mwenye nyumba anachohitaji ni gurudumu liendelee kuzunguka, na watu wasikosekane mezani.

Wakakosekana. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilizitia hofu kampuni za utalii. Novemba 2002 hoteli ya Paradise, Kikambala, ikalipuliwa. Vurugu za baada ya uchaguzi zilizoingia mwaka 2008 zikamaliza msimu mzima, na kufikia 2014 balozi za Magharibi zilipowaonya raia wao wasije pwani, hoteli zilifunga milango na wafanyakazi wakarudi makwao. Kasino inayomtegemea mgeni haina la kufanya mgeni asipokuja. Watu wakadhani kamari inakwisha pwani, kumbe ilikuwa inatafuta mteja wa karibu.

Kabla ya simu zilikuja mashine. Tunazikumbuka: sanduku lenye taa, lenye sauti kama kengele za watoto, linalomeza sarafu ya shilingi 20. Mashine za namna hiyo zilipaswa kukaa ndani ya kasino zenye leseni. Zikaanza kuonekana kwenye maduka ya rejareja, vinyozi, na vibanda vya mitaani ambako mtoto aliyetumwa sukari alibaki na chenji akaijaribu. Mwaka 2018 serikali ilifanya msako mkubwa, mashine zikakusanywa na nyingine zikachomwa moto mbele ya kamera. Naukumbuka moshi wa picha zile na jinsi wazazi walivyofurahi. Walikuwa na haki ya kufurahi. Ila wakati huo mashine kubwa kuliko zote ilikuwa imeshaingia kila nyumba, na haikuwa na umbo la kuchomwa.

M-Pesa ilianza Machi 2007. Miaka saba baadaye, 2014, SportPesa ikafungua biashara ya kubeti iliyotegemea njia hiyo ya pesa, na wengine wakafuata nyuma: Betika, Betin, mCheza, na makumi ya majina. Nchi nyingi zilikuwa na kamari ya mtandaoni kabla yetu, lakini kule mtu alihitaji kadi ya benki, na kadi ya benki ni ya mtu mwenye akaunti na mshahara. Hapa kilichohitajika ni namba ya simu na shilingi chache. Yale mambo manne yaliyomzuia kijana wa Kisauni yakaondoka kwa mpigo mmoja. Hakuna mavazi, maana amelala kitandani. Hakuna kiwango kikubwa. Hakuna saa ya kufunga. Na hakuna macho. Hata mkewe aliyelala ubavuni hajui.

Uchunguzi wa GeoPoll wa mwaka 2017 uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika ulikuta vijana 76 kati ya kila 100 wa Kenya waliohojiwa wamewahi kubeti au kucheza kamari, kiwango cha juu kuliko nchi nyingine zote walizouliza. Mwaka huo huo wa 2017 mtu mmoja alishinda jakpoti ya shilingi milioni 221, na mwaka uliofuata mwingine akachukua milioni 230. Picha za hundi zile kubwa za kadibodi zilifanya kazi ambayo tangazo halingeweza. Jakpoti ile ilitaka utabiri sahihi wa mechi 17, kila moja na majibu matatu: nyumbani, sare, ugenini. Ukibashiri bila kujua lolote, njia za kuijaza karatasi hiyo ni 129,140,163. Kuujua mpira kunapunguza namba hiyo, sikatai, lakini hakuifanyi kuwa ndogo.

Mkeka wa kawaida, ule wa mechi nane au kumi, ndio unaofaa kukaliwa kitako. Nilikaa nao usiku mmoja baada ya Isha, kwenye baraza la nyumba moja Majengo, na kijana anayeendesha tuktuk ya tajiri. Muuza kahawa alikuwa ameshatuwekea vikombe viwili na kashata. Yule kijana alinifungulia simu akanionyesha mkeka wake wa mechi kumi, aliouwekea shilingi 50. Chini palikuwa pameandikwa angelipwa shilingi 23,000 na kitu.

"Ami, hamsini tu hii. Ya maji na mabuyu. Nikikosa sijapoteza kitu, nikipata nalipa kodi miezi mitatu."

Nikamwomba tuchukue kalamu. Tuseme kila mechi umechagua kitu chenye nafasi nusu kwa nusu, kama shilingi inayorushwa juu. Odi ya haki kwa jambo la nusu kwa nusu ni 2.00: weka 100, ukipata chukua 200. Kampuni haikupi 2.00. Inakupa, kwa mfano, 1.85. Kwa mechi moja tofauti hiyo ni ndogo. Katika kila 100 nyumba inabaki na 7 na senti 50. Tayari ni karibu mara tatu ya sifuri ya ruleti, lakini bado mtu haumii. Sasa zifunge mechi kumi pamoja. Nafasi ya kuzipata zote ni moja katika 1,024. Malipo ya haki kwa shilingi 50 yangekuwa 51,200. Odi 1.85 ikizidishwa yenyewe mara kumi inatoa karibu 470, na kwa shilingi 50 hiyo ni 23,480.

Akanyamaza akiitazama karatasi. Ule ukubwa wa 23,480 uliokuwa ukimtia matumaini ulikuwa umekatwa zaidi ya nusu kabla hajaiona. Makato ya mechi moja hayajumlishwi kwenye mkeka, yanazidishana. Kwa watu wengi wanaocheza mkeka kama huo, katika kila shilingi 100 zinazoingia ni kama 46 tu zinazorudi. Hakuna kasino ya Nyali iliyothubutu kumkata Mjerumani kiasi hicho. Ndiyo sababu kampuni zinakupa bonasi ukiongeza mechi: wanakurudishia kipande cha walichokwisha kukukata, nawe unashukuru.

Kisha kuna ile ya timu moja. Kila mbeti wa mji huu ana hadithi ya mkeka uliochomwa na timu moja, dakika ya 90, penalti. Huisimulia kama msiba wa kipekee. Lakini ukihesabu, kwenye mkeka wa mechi kumi za nusu kwa nusu, kukosa kwa timu moja peke yake kuna uwezekano mara kumi kuliko kupata zote. Karibu-nipate ni jambo la kawaida kabisa katika mchezo huu, na moyo wa binadamu unaisoma kama ishara kwamba safari ijayo ni yake.

Mpira, hata hivyo, una huruma moja: mechi huchukua dakika tisini. Michezo iliyokuja baada yake haina huruma hiyo. Aviator, ule mchezo wa ndege inayopaa na kutoweka, huisha kwa sekunde. Unaweka pesa, namba ya kuizidishia inapanda kutoka 1.00, unatakiwa utoe kabla ndege haijakimbia. Watengenezaji wake wanasema wazi kwamba asilimia 97 ya pesa zinazowekwa hurudi kwa wachezaji, na sina sababu ya kuwabishia. Makato ya 3 kwa 100 yanakaribiana na ruleti. Hatari iko kwenye kasi. Mtu anayeizungusha pesa yake yote raundi baada ya raundi, kwa wastani wa wachezaji wengi, baada ya raundi 23 amebaki na nusu, na baada ya raundi 50 amebaki na kama shilingi 22 za zile 100. Raundi 50 hazimalizi foleni ya feri ya Likoni.

Serikali nayo imeikabili biashara hii hasa kupitia ushuru, na hapo ndipo wasomaji wengi hupotea, kwa sababu maneno yamebadilika karibu kila mwaka. Njia rahisi ya kuufuata ushuru wa kamari ni kuuliza unakatwa mahali gani. Kuna mahali patatu. Pa kwanza ni kwenye faida ya kampuni, yaani kinachobaki baada ya kuwalipa washindi. Pa pili ni mezani, pesa inapowekwa. Pa tatu ni mlangoni, mshindi anapotoka.

Mahali pa kwanza ndipo vita vya 2017 vilipopiganwa. Hazina ilitaka asilimia 50; mwishowe ikawa asilimia 35, kuanzia Januari 2018. SportPesa ikajibu kwa kuondoa ufadhili wake wa michezo ya hapa nchini, na klabu zikaachwa zikipapatika. Kabla mwaka haujaisha sheria mpya ikashusha kiwango hadi asilimia 15. Mahali pa tatu palikuwa na asilimia 20 ya kodi ya zuio, iliyoleta mzozo mrefu wa kisheria juu ya neno moja: "ushindi" ni nini? Ukiweka 100 ukapokea 300, umeshinda 300 au 200? Kampuni zilisema moja, mamlaka ya kodi, KRA, ikasema jingine, na tofauti ile ilikuwa mabilioni.

Julai 2019 serikali ikakataa kuhuisha leseni za kampuni 27, na ikaamuru namba zao za Paybill, zile za kupokelea pesa kwa simu, zizimwe. Nauona huo kuwa wakati muhimu kuliko yote katika habari hii. Safari hii hakuna aliyekwenda na kufuli kufunga jengo. Ilizimwa namba, na kampuni zikakosa njia ya kupokea pesa. Yaani mlango wa kweli wa kasino mpya ulikuwa umejulikana, na ulikuwa unafungika. Baadaye mwaka huo SportPesa na Betin zikatangaza kufunga, zikitaja ushuru mpya wa asilimia 20 kwenye mahali pa pili, pale mezani. Ushuru huo ukaondolewa mwaka 2020. Ukarudi 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, ukafika 15 mwishoni mwa 2024.

Kisha sheria ya fedha ya 2025 ikabadilisha mfumo: sasa ni asilimia 5 unapoingiza pesa kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 unapozitoa. Ule ugomvi wa neno "ushindi" umezikwa, maana sasa hakuna anayeuliza umeshinda au la. Tazama inavyokwenda. Unaingiza 1,000, 50 zinakwenda, unabaki na 950. Unabahatisha jioni nzima, unarudi pale pale ulipoanza, 950. Unaamua kuacha na kuzitoa. 47 na senti 50 zinakatwa, bila kuhesabu ada ya kutuma. Hujapoteza kwenye mchezo lakini una 902 na senti 50. Sasa angalia tabia inayoleta: kwa kuwa kila kutoa kunakatwa, mtu anaziacha ndani. Na pesa iliyoachwa ndani hailali.

Jambo hili linanisumbua. Ushuru uliuzwa kwetu kama kamba ya kuwavuta vijana nyuma, lakini kadiri serikali inavyokula mezani ndivyo inavyohitaji meza ijae. Mapato ya kamari yanaingia kwenye mfuko wa taifa wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, na kutoka humo timu za taifa hulipwa marupurupu. Hata sisi wa pwani tumeonja. Januari 2019 Bandari, timu yetu, iliifunga Simba mabao 2-1 kule Dar es Salaam, ikafika fainali ikashindwa na Kariobangi Sharks, na kombe lenyewe lilibeba jina la kampuni ya kubeti. Mji mzima ulishangilia, na mimi nilikuwamo. Mpira wetu umesimama juu ya mguu huo kwa miaka, na kuukata bila kuupa mguu mwingine ni kuwaangusha wachezaji ambao hawakukosa lolote.

Kaunti, je? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaitaja kamari pande zote mbili. Serikali ya taifa inapewa kamari na kasino za kitaifa. Kaunti zinapewa kamari na kasino miongoni mwa mambo ya burudani. Mwaka 2010 mgawanyo huo uliweza kueleweka, maana kasino ilikuwa na kiwanja. Leo kaunti ya Mombasa inaweza kumdai leseni mwenye duka la kubeti Bombolulu, ikapima ubao wake wa tangazo, ikamtoza. Shilingi iliyobetiwa kwa simu hatua tatu kutoka duka hilo haiioni. Ushuru wake unakwenda Nairobi. Kinachobaki Bombolulu ni deni la duka la unga na ada ya shule iliyochelewa, na hayo yanaifikia kaunti kwa njia nyingine.

Agosti 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mpya ya udhibiti wa kamari, ikaizika ile ya 1966. Inaunda mamlaka mpya badala ya BCLB, inashika umri wa miaka 18, na inaweka kima cha chini cha shilingi 20 kwa kubeti mtandaoni, ili zile beti za shilingi moja moja za watoto zikatike. Miezi michache kabla yake, mwishoni mwa Aprili, bodi ilikuwa imesimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na masharti yaliyofuata yakawakataza watu maarufu kuyanadi. Naona hatua hizi ni bora kuliko kuchoma mashine. Lakini shilingi 20 ni ile ile sarafu iliyokuwa ikimezwa na sanduku la dukani, na tulikubaliana wakati ule kwamba ni ndogo mno kumlinda mtoto.

Majirani wamejaribu njia zao. Uganda iliweka umri wa miaka 25 katika sheria yake ya 2016, na Januari 2019 Rais Museveni akaagiza wageni wasipewe tena leseni za kubeti. Sijaona mpaka unaozuia tovuti, lakini umri wa 25 ni fikira ninayoiheshimu, kwa sababu inakubali kwamba anayelengwa ni kijana ambaye hajapata kazi ya kudumu. Mombasa tuna wengi wa namna hiyo, hasa tangu shehena ya bandari ilipoanza kupandishwa treni na riziki za malori zikapungua. Mchezo unaoahidi kodi ya miezi mitatu kwa pesa ya mabuyu haumkuti kijana huyo kwa nasibu.

Hebu nirudi barazani. Baada ya hesabu ya mkeka yule kijana aliniambia jambo nililolitarajia: kwamba hata hivyo, kwa jumla, yeye yuko juu. Alikuwa amepata 14,200 mwezi wa Ramadhani, akamnunulia mamake jokofu la mtumba. Jokofu lipo, nimeliona.

"Mwanangu, omba taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu tuihesabu," nikamwambia. Hakukasirika. Ikaja kwenye simu, kurasa nyingi, tukaanza kupekua. Yeye alisoma, mimi nikaandika. Hamsini. Hamsini. Mia. Hamsini. Mia mbili, saa saba za usiku. Mia tano, dakika nne baadaye. Muuza kahawa alizoa vikombe akaenda. Zilizotoka zilikuwa mara 214, jumla 41,380. Zilizoingia zilikuwa mara tisa, jumla 22,150, pamoja na ile 14,200. Tofauti ni 19,230 kwa miezi mitatu, zaidi ya 200 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kwenye kumbukumbu yake zilikuwamo zile tisa tu. Zile 214 zilikuwa zimepita kama maji ya kunywa.

Aliikunja karatasi yangu akaiweka kwenye mfuko wa shati. Akaenda hadi kwenye tuktuk, akawasha, akazima. Akarudi.

"Ami, zile nilizokopa kwa Fuliza ya M-Pesa ili kuweka, na makato yake, tumezihesabu?"

Hatukuwa tumezihesabu.